Mafuta Tunayokula na Ugonjwa wa Mzio

Katika nyumba nyingi za Kasuku chungu cha sombe hakiivi vizuri bila mafuta ya mawese. Wali wa Maniema, maharagwe, lenga-lenga na samaki wa Lualaba, vyote hupata mafuta yake. Lakini mtoto akianza kukohoa usiku na kifua kulia kama filimbi, au ngozi yake ikianza kuwasha na kuchubuka, mashauri huwa mengi. Mmoja husema, "Mkataze mafuta kabisa." Mwingine husema, "Mnyweshe mafuta, yatasafisha kifua." Mama husimama katikati, hajui amfuate nani.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mama huyo, na kwa baba anayetoa fedha za soko. Tutajifunza mzio ni kitu gani, mafuta hufanya kazi gani mwilini, waganga wa hospitali wamepata nini walipochunguza jambo hili, na sisi tufanye nini nyumbani. Usome polepole, kisha umsomee na jirani yako asiyejua kusoma.

1. MZIO NI NINI?

Mwili wa mtu una askari wake. Kazi yao ni kupigana na vijidudu vya magonjwa. Lakini kwa watu wengine askari hao hukosea. Huona kitu kisicho na hatia, kama vumbi la nyumba, manyoya ya paka, unga wa maua, yai au karanga, nao hukipigia kengele ya vita kana kwamba ni adui. Kosa hilo ndilo mzio, ambao wengine huita aleji.

Vita ikiwa puani, mtu hupiga chafya na kutoka makamasi mepesi kama maji. Ikiwa katika mirija ya pumzi, mirija hujikaza, huvimba ndani na kujaa makohozi. Hiyo ni pumu. Ikiwa katika ngozi, ngozi hukauka, huwasha na kupasuka. Huo ni ukurutu. Katika miaka ya 1966 na 1967 wachunguzi wa Marekani na Sweden waligundua silaha ambayo askari hao huitumia katika kosa hili. Ni protini ndogo sana ndani ya damu, nayo huitwa IgE.

Mzio hauambukizi. Haurushwi na adui wala haukuletwa na jirani. Mara nyingi huonekana katika ukoo: baba ana pumu, mtoto ana ukurutu, shangazi hupiga chafya kila palipo na vumbi.

Tena angalia: si kila muwasho ni mzio. Upele unaowasha usiku katikati ya vidole, na watu wa nyumba moja wakijikuna wote, huletwa na mdudu mdogo anayechimba ngozi. Inzi weusi wadogo wa mtoni nao huleta ugonjwa unaowasha mwili mzima na kuharibu macho. Magonjwa haya yana dawa zake. Kwa hiyo mpeleke mgonjwa apimwe kwanza, kabla ya kumkataza chakula chochote.

2. MAFUTA HUFANYA KAZI GANI NDANI YA MWILI?

Watu wengi hudhani mafuta huleta utamu na unene tu. Sivyo. Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, na kila chembe imezungukwa na ukuta mwembamba. Ukuta huo umejengwa hasa kwa mafuta. Fundi hujenga nyumba kwa matofali aliyoletewa. Vivyo hivyo mwili hujenga kuta za chembe kwa mafuta tuliyokula.

Sasa shika neno hili, maana ndilo msingi wa somo lote. Kengele ya mzio ikilia, chembe huchukua sehemu ndogo ya mafuta ya ukuta wake, nayo huyageuza kuwa wajumbe. Wajumbe hao hutoka kwenda kuita askari wengine. Kundi moja la wajumbe huitwa prostaglandini, na kundi jingine huitwa lukotrieni. Wanasayansi watatu, Bergström na Samuelsson wa Sweden na Vane wa Uingereza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982 kwa kazi yao juu ya prostaglandini na vitu vya jamii hiyo.

Lukotrieni ndizo hukaza mirija ya pumzi ya mwenye pumu na kuijaza makohozi. Tunajua hivyo kwa sababu ziko dawa za pumu, kama montelukasti, ambazo kazi yake ni kuwafungia mlango wajumbe hao, na wagonjwa wengi hupata nafuu.

Mafuta yanayogeuzwa kuwa wajumbe ni ya jamii mbili. Ya kwanza huitwa omega-6. Wajumbe wake wana sauti kali, huita askari wengi. Ya pili huitwa omega-3. Wajumbe wake wengi wana sauti ndogo, na wengine hutuliza vita. Mwili wa mtu hauwezi kutengeneza jamii hizi mbili wenyewe; lazima zitoke katika chakula. Zote mbili zinahitajika, lakini ukuta ukijaa omega-6 peke yake, huenda kengele italia kwa nguvu kupita kiasi.

Hata hivyo jambo hili si jepesi. Mjumbe mmoja wa omega-6, aitwaye prostaglandini E2, husaidia mwili kutengeneza IgE nyingi, lakini mjumbe huyo huyo huweza pia kulegeza mirija ya pumzi. Kwa sababu hiyo hatuwezi kusema kwa neno moja kwamba omega-6 ni sumu. Tena ukuta wa chembe haubadiliki kwa mlo mmoja. Hubadilika kwa majuma na miezi.

3. MAFUTA YA JIKONI KWETU

Basi tutazame yaliyo sokoni.

Mafuta meupe ya alizeti, ya mahindi na ya soya, yanayokuja kwa chupa na kwa bidoni kutoka mbali, yana omega-6 nyingi. Ya soya yana na omega-3 kidogo.

Mafuta mekundu ya mawese ni ya namna nyingine. Karibu nusu yake ni mafuta magumu, yale yanayoganda asubuhi ya baridi. Omega-6 ndani yake ni kama sehemu moja tu katika kumi. Kwa hiyo mawese si katika yale mafuta yanayoshukiwa sana katika jambo la mzio. Tena wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, mlinzi wa macho na ngozi. Lakini ukiyachoma motoni mpaka yawe meupe, karotini imekufa. Umebaki na mafuta bila mlinzi.

Omega-3 hupatikana hasa katika samaki wenye mafuta. Ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wanaoletwa wakiwa wakavu, ni wa ukoo mmoja na sardini. Samaki wa mtoni nao wana omega-3, ingawa kwa kawaida ni kidogo kuliko samaki wa bahari. Majani mabichi yana mafuta kidogo sana, lakini sehemu kubwa ya hayo kidogo ni ya jamii ya omega-3. Viwavi wa aina nyingi wanaoliwa katika Kongo nao wanayo.

Yako na mafuta yaliyogandishwa kiwandani ili yawe magumu, kama margarini za namna ya zamani. Ndani yake huzaliwa mafuta mabaya yaitwayo trans. Mwaka 1999 wachunguzi wa Ulaya waliandika kwamba katika nchi ambazo watu hula trans nyingi, watoto wenye pumu na ukurutu walikuwa wengi zaidi. Mafuta hayo hudhuru na moyo, hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 likaziomba nchi zote ziyaondoe katika chakula.

4. WAGANGA WAMEPATA NINI?

Mwaka 1929 huko Marekani, bwana Burr na mke wake waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta hata kidogo. Ngozi ya panya ikakauka na kutoka magamba, wakaacha kukua. Baadaye, mwaka 1958, waganga wengine waliandika kwamba watoto wachanga waliolishwa maziwa yaliyoondolewa mafuta walipata ngozi kavu yenye kuchubuka, na waliporudishiwa mafuta yanayofaa walipona. Hapa tunamjibu yule aliyesema, "Mkataze mafuta kabisa." Kumnyima mtoto mafuta yote hakuponyi ngozi, huiharibu.

Mwaka 1997 wachunguzi wawili wa New Zealand, Black na Sharpe, waliuliza kwa nini pumu imeongezeka katika nchi tajiri. Wakasema: labda ni kwa sababu watu wameacha samaki na kuongeza mafuta ya mimea yenye omega-6 nyingi. Hilo lilikuwa wazo, halikuwa hakika bado.

Katika Kenya, mwaka 1998, wachunguzi waliandika juu ya watoto wa shule waliopimwa pumzi baada ya kukimbia. Watoto wa mji wa Nairobi waliobanwa kifua walikuwa karibu 23 katika kila 100. Wale wa shamba, kule Murang'a, walikuwa karibu 13. Mji huleta moshi, vumbi na chakula kipya, vyote pamoja, wala hatuwezi kuweka kosa juu ya mafuta peke yake. Lakini sisi wa Kindu, ambao mji wetu unakua, tuangalie.

Mwaka 2013 yaliandikwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa vijana zaidi ya 300,000 katika nchi 51. Wale waliokula vyakula vya haraka vya kukaangwa na kununuliwa, mara tatu au zaidi kwa juma, walikuwa na pumu kali zaidi. Wale waliokula matunda mara tatu au zaidi kwa juma walikuwa na pumu kali kidogo kuliko wengine.

Uchunguzi wenye nguvu zaidi ulifanyika Denmark, ukaandikwa mwaka 2016. Wanawake waja wazito walipewa mafuta ya samaki kila siku katika miezi mitatu ya mwisho. Wengine wakapewa mafuta ya zeituni, wala mama hakujua amepewa yapi. Watoto wakaangaliwa kwa miaka. Wenye pumu au kifua cha kulia walikuwa karibu 17 katika 100 upande wa mafuta ya samaki, na karibu 24 katika 100 upande wa pili. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa mama ambao mwanzoni walikuwa na omega-3 kidogo katika damu. Lakini ukurutu haukupungua. Na huko Australia, mwaka 2012, uchunguzi wa namna hiyo haukuonyesha kwamba mafuta ya samaki yalipunguza mzio wote katika mwaka wa kwanza wa mtoto.

Je, mtu mwenye pumu tayari, akinywa mafuta ya samaki atapona? Waganga walipokusanya chunguzi nyingi pamoja mwaka 2002 hawakuona faida ya hakika. Na mafuta ya mbegu za maua yanayouzwa kwa bei kubwa katika nchi nyingine kwa ajili ya ukurutu, yalipopimwa vizuri, hayakushinda dawa ya uongo.

Basi jumla yake ni hii: mafuta mazuri huenda yakasaidia kuzuia, hasa mtoto akiwa bado tumboni. Kwa ugonjwa uliokwisha kuingia, mafuta si dawa.

5. MAKOSA MANNE YANAYOUMIZA WATOTO

Kosa la kwanza ni kummiminia mtoto mafuta kinywani au puani anapokosa pumzi. Mtoto anayehema kwa nguvu hawezi kumeza vizuri. Mafuta huteremka katika mapafu, na mapafu hayawezi kuyaondoa upesi. Huko Arabia na India waganga wameandika juu ya watoto walioharibika mapafu kwa kumiminiwa samli. Mawese ni mafuta kama samli. Usifanye hivyo hata kama bibi yako alifanya.

Kosa la pili ni kumnyima mtoto chakula kwa kukisia. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya bugali. Tumbo la mtoto ni dogo. Bila mafuta hashibi nguvu inayomtosha, naye hukonda. Tena vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Mtoto mwenye ukurutu aliyekatazwa mafuta, samaki, mayai na karanga pamoja, atapata utapiamlo juu ya ukurutu. Fahamu pia kwamba askari wa mwili kwa kawaida hukosea juu ya protini, si juu ya mafuta yenyewe. Mtu mwenye mzio wa samaki asile samaki ili kutafuta omega-3. Lakini mawese hayana hatia kwake.

Kosa la tatu ni kupaka mafuta ya karanga juu ya ngozi iliyopasuka. Mafuta yaliyokamuliwa nyumbani hubaki na protini ya karanga. Mwaka 2003 waganga wa Uingereza waliona kwamba watoto wenye mzio wa karanga, wengi wao walikuwa wamepakwa dawa zenye mafuta ya karanga katika ngozi yenye ukurutu. Protini ikiingia kwa mlango wa ngozi iliyovunjika, askari huiona kama mwizi. Ikiingia kwa mlango wa kinywa, mapema, huiona kama mgeni wa nyumba. Mwaka 2015 huko London, katika watoto waliokuwa katika hatari kubwa, wale waliokatazwa karanga walipata mzio wake karibu 17 katika 100; waliolishwa karanga tangu utoto walikuwa 3 tu katika 100. Kwa ngozi kavu tumia vaselini safi isiyo na manukato.

Kosa la nne ni kuacha dawa. Mwenye pumu aliyepewa dawa ya kuvuta kwa kinywa aivute kama alivyoagizwa, hata siku ambazo hajisikii mgonjwa, kama ndivyo mganga alivyosema. Chakula kizuri hutembea pamoja na dawa; hakichukui nafasi yake.

6. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mama mja mzito ale samaki walau mara mbili kwa juma, ikiwa hana mzio wa samaki. Ndakala wachache ndani ya sombe wanatosha kuanza. Baba asijiwekee kipande chote cha samaki huku mama amebaki na mchuzi.

Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Karibu nusu ya nguvu iliyomo katika maziwa hayo hutoka katika mafuta. Akianza kula uji, utiwe kijiko kidogo cha mawese mekundu na karanga zilizosagwa laini. Usimpe mtoto mdogo karanga nzima, atapaliwa. Lakini mtoto mwenye ukurutu mkali aonwe na mganga kwanza kabla ya kupewa karanga.

Mawese yapashwe moto kidogo, yasichomwe mpaka yawe meupe na kutoa moshi. Moshi wa mafuta na wa makala huwasha mirija ya pumzi. Pikia nje au penye upepo, na mtoto mwenye pumu asikae karibu na jiko. Mafuta yaliyokaangiwa mandazi siku nyingi, yaliyokuwa meusi na yenye harufu, yasirudiwe.

Tumia mafuta ya namna mbalimbali kwa kiasi, usipikie ya bidoni peke yake mwaka mzima. Ongeza mapapai, machungwa na majani mabichi.

Mwisho, jua dalili za hatari. Mwenye pumu asiyeweza kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Mtoto ambaye mbavu zake zinaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya. Midomo inayogeuka rangi ya majivu au bluu. Uso na ulimi vinavyovimba ghafula baada ya kula kitu: huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Akiwa na dawa yake ya kuvuta, aendelee kuivuta njiani. Anayekaa Alunguli ana mto wa kuvuka kabla ya kufika huku, basi asingoje usiku uingie na mitumbwi ipungue.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtoto mwenye ukurutu asikatazwe mafuta yote?
2. Ni mafuta gani yenye omega-3, nayo hupatikana wapi katika soko letu?
3. Mafuta ya mawese hupoteza nini yakichomwa mpaka yawe meupe?
4. Mtoto anayekosa pumzi akimiminiwa mafuta, mafuta huenda wapi?
5. Ni dalili zipi zinazokuambia usingoje mpaka asubuhi?

Ukiweza kujibu yote matano bila kutazama nyuma, umelijua somo. Ukishindwa moja, rudi usome sehemu ile tena.